Sarufi Inajua Nani Kafanya

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mliojaza viti vya nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sarufi, na najua neno hilo likitajwa darasani mabega ya wanafunzi hushuka. Wengi wetu tulifundishwa sarufi kwa kalamu nyekundu. Hapa umekosea, si "viatu yangu", ni "viatu vyangu", rudia mara kumi. Mtu anamaliza shule akiamini kwamba sarufi ni orodha ya makatazo, na kwamba maana inakaa kwingine: kwenye msamiati, kwenye methali, kwenye fasihi. Hilo nimekuja kulipinga. Mambo mengi tunayoyagombania kila siku, nani alaumiwe, nani aheshimiwe, lipi limekwisha na lipi bado, yanaamuliwa ndani ya viambishi, vile vipande vidogo vya neno tunavyovitamka bila kuvifikiria. Anayevijua husoma gazeti, mkataba na tangazo la serikali kwa jicho jingine kabisa.

Fasili tuimalize haraka. Vitabu vyetu vinasema sarufi ni mfumo wa kanuni za lugha katika viwango vinne: sauti, maumbo ya maneno, miundo ya sentensi na maana. Sina ugomvi na fasili hiyo. Linalosahaulika ni kwamba mfumo huo unaishi kichwani mwa msemaji kabla haujaingia kitabuni. Mtoto wa miaka minne, mwenyeji wa Tanga au Unguja, hajawahi kuambiwa kwamba kuna ngeli ya KI-VI, lile kundi la nomino kama kiti na viti. Lakini mwonyeshe kitu cha ajabu, mwambie kinaitwa "kidobe", kisha weka cha pili kando yake. Atakuambia hivi ni vidobe viwili. Neno hilo nimelibuni mimi, hakuna aliyemfundisha wingi wake. Kaitoa wapi "vi-"? Ameitoa kwenye sarufi aliyojijengea mwenyewe kwa kusikiliza watu wakizungumza nyumbani na uani. Jaribuni na wadogo zenu.

Ndiyo maana hatuna budi kutenganisha sarufi na usanifu, yaani kuchagua lahaja moja iwe lugha rasmi ya wote. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Uamuzi ule ulikuwa wa utawala na uchapaji, na umetufaa. Lakini Mmombasa anayesema "ndia" pale mimi ninaposema "njia" hajavunja kanuni yoyote. Anafuata kanuni ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, tena kila mara. Ukienda Lubumbashi utasikia "batoto" badala ya "watoto", na mtoto mdogo anaitwa "katoto", wakiwa wengi "tutoto". Hizo ni ngeli kamili, zina umoja na wingi. Mwalimu anayo haki ya kumwambia mwanafunzi kwamba kwenye mtihani tunaandika Kiswahili sanifu. Hana haki ya kumwambia kwamba lugha ya bibi yake haina sarufi.

Na huu mtindo wa kufundisha sarufi kwa majedwali una asili yake. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kufikia 1850 alikuwa amechapisha maelezo ya sarufi ya Kiswahili. Mmisionari Edward Steere, aliyekuwa Zanzibar, akatoa kitabu chake mwaka 1870. Kazi zao ni kubwa na zinastahili heshima. Lakini waliandika kwa ajili ya mgeni anayeanza sifuri, na mgeni lazima kwanza ajue umbo gani liende na umbo gani. Sisi wenyeji tumerithi kitabu cha mgeni. Swali la mgeni ni "nisemeje?" Swali la mwenyeji lingepaswa kuwa "kwa nini nimesema hivi, na si vile?" Swali hilo la pili ndilo nitakalokaa nalo leo.

Haya. Kikombe kimeanguka sebuleni, vipande viko sakafuni. Mama anauliza kutoka jikoni kuna nini. Mtoto ana majibu manne, na yote manne ni Kiswahili safi.

Nimevunja kikombe.
Kikombe kimevunjwa.
Kikombe kimevunjika.
Kikombe kimenivunjikia.

Tukio ni moja, vipande ni vilevile. La kwanza linamweka mtenda mbele, "ni-", hakuna pa kujificha. La pili, kwa ile "-w-", linakiri kwamba yuko mtu aliyevunja, ila halimtaji, mama ana haki ya kuuliza "na nani?", na sarufi imemwachia nafasi ya kuuliza. La tatu limeifunga nafasi hiyo. "-ik-" inaeleza hali ya kikombe na kuishia hapo. Huwezi kusema "kikombe kimevunjika na Juma", sikio linakataa. La nne ndilo fundi kuliko yote. "Kimenivunjikia": kikombe ndicho kilichovunjika, na mimi nimeingizwa kwa "-ni-" kama mtu aliyefikwa na jambo. Mtoto aliyekuwa mtuhumiwa sasa anastahili pole. Mtoto wa miaka sita hufanya uchaguzi huo kwa nusu sekunde, bila kujua kama kuna kitu kinaitwa kauli ya kutendeka.

Sasa tutoke sebuleni. "Fedha za mradi zimepotea." "Fedha za mradi zimeibwa." "Mhasibu ameiba fedha za mradi." Umewahi kujiuliza kwa nini taarifa za ukaguzi zinapenda ile ya kwanza? Au chukueni bei ya sukari. Tunasema "bei imepanda", kama vile bei ina miguu. Ingiza "-ish-" tu, useme "wamepandisha bei", na papo hapo msikilizaji atataka kujua ni akina nani. Kijiji kinahama au kinahamishwa? Waandamanaji wamekufa, wamefariki, wameuawa, au askari wamewaua? Mwandishi wa habari anayechagua kati ya hizo hajachagua mapambo. Ameamua msomaji aelekeze macho wapi.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa ni ya waongo. Kuna nyakati hiyo ndiyo kauli ya ukweli. Maiti imekutwa mtoni ina jeraha, aliyeua hajulikani. Mwandishi mwaminifu ataandika "ameuawa" na kukomea hapo. Kutaja mtenda usiyemjua ni dhambi kubwa zaidi. Ninachokataa ni ile tabia ya kutumia "-ik-" mahali ambapo kila mtu ukumbini anamjua aliyefanya. Sikilizeni radhi za wakubwa: "Samahani kwa wote waliokwazika." Waliokwazika! Kukwazika kumewatokea wao wenyewe, kama mafua. Aliyekosa anasema "nimewakwaza, naomba radhi". Tofauti kati ya radhi ya kweli na radhi ya kukwepa imo ndani ya mnyambuliko wa kitenzi kimoja, yaani viambishi vinavyoongezwa baada ya mzizi wake, na mtu wa kawaida huihisi hata kama hawezi kuitaja jina.

Mnyambuliko huohuo unaweza kubeba huruma. Chukueni "kufiwa". Mzizi ni "-f-", wa kufa. Ongeza "-i-" ya kutendea, ongeza "-w-" ya kutendwa. Jirani "amefiwa na mama yake". Kisarufi aliyekufa ndiye mtenda, na aliyebaki hai ndiye aliyetendwa. Kifo cha mama kimekuja kikaangukia juu ya mwana. Yuko hai, anatembea, anapokea wageni msibani, lakini sarufi imemweka mahali pa mtu aliyeumizwa. Ndiyo sababu tunaweza kumwambia "pole kwa kufiwa" tukaeleweka bila maelezo. Sijui kama kuna darasa la mnyambuliko lililowahi kusimama hapo hata dakika tano. Tunauliza "bainisha viambishi katika neno amefiwa", mwanafunzi anakata vipande, anapata alama zake, tunasonga mbele.

Nataka sasa tusome sentensi mbili kwa utulivu. Ya kwanza ni ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Desemba 10, 1948, kama linavyosomeka kwa Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Ya pili ni ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 12, katika sehemu ya haki iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa."

Angalieni "wamezaliwa" na "huzaliwa". Wengi watasema ni kitu kimoja. Mimi nasema "-me-" inazungumza juu ya jambo lililokwisha kutendeka na matokeo yake yangalipo. Watu hawa tunaowaona walizaliwa huru na uhuru huo bado wanao. Anayewanyima anawanyang'anya kitu kilicho mikononi mwao. "Hu-" inakwenda njia nyingine. Haina kiambishi cha nafsi wala haina tarehe. Ni "hu-" ya methali: haba na haba hujaza kibaba, jana, leo na kesho. "Binadamu wote huzaliwa huru" inamhusu na atakayezaliwa usiku wa leo katika zahanati isiyo na umeme. Kwa kiambishi kimoja Katiba imeufanya uhuru uwe kama kawaida ya maumbile, sawa na kusema mvua hunyesha. Mkiniuliza ipi ina nguvu zaidi, kwangu ni hiyo ya Katiba. Lakini naelewa mwanasheria atakayependa "-me-", kwa sababu inadai kitu sasa hivi.

Kisha "wamejaliwa". Ni kutendwa, na mtenda hatajwi. Mwaka 1948 wajumbe walibishana kweli kuhusu jambo hilo: watajwe kuwa wamepewa akili na dhamiri na Mungu, au na maumbile? Mwisho hawakutaja lolote, na kauli ya kutendwa ikawaruhusu wote watie saini ya mioyo yao. Kwa Kiswahili limetokea jambo zuri zaidi. Muundo umenyamaza kama ulivyonyamaza wa asili, ila kitenzi "jaliwa" kwa masikio ya Mswahili kinasikika na Mjalia wake. Sarufi haimtaji, na msikilizaji anamjua.

Halafu lile neno "watendeane". Wa-tend-e-an-e. "Wa-", hao watu wote. "Tend", kufanya. "-e-" ya kutendea, kwamba kitendo kina mtu kinayemfikia. "-an-" ya kutendana, kwamba kila aliye mtenda ndiye pia mtendwa, hakuna aliyekaa upande mmoja tu. Na ile "-e" ya mwisho, ambayo inatoa neno katika taarifa na kulitia katika takwa: haijawa, tunataka iwe. Falsafa nzima ya kuishi pamoja imekaa katika silabi tano. Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu angejifunza mnyambuliko kutoka neno hilo, si kutoka "piga, pigia, pigwa, pigana".

Kuna kiambishi kingine ninachokiogopa kidogo, nacho ni "-ja-". Mtu hajala, hakula, hali: vitu vitatu. "Hakula" ni habari ya jana. "Hali" ni tabia, labda ana mwiko. "Hajala" inasema chakula kinangojwa. Ndani ya "-ja-" kuna matarajio. Sasa sikilizeni watu wanavyomsema dada wa miaka thelathini na tano: "hajaolewa", "hajazaa". Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyetoa hukumu. Ila "-ja-" imeshamsimamisha kwenye foleni ya jambo ambalo pengine yeye hakulipanga. Akijibu mwenyewe "sikuolewa", amefunga mjadala. Akisema "siolewi", ametangaza msimamo. Shangazi yake atashtuka, na hataweza kueleza kilichomshtua ni nini. Ni kiambishi.

Mkutano wa kijiji nao una "-ja-" yake. Mwananchi anasimama: "Maji hayafiki kwetu." Kiongozi anajibu: "Ni kweli, maji hayajafika." Wamekubaliana? Hata kidogo. Mmoja ameeleza hali ya kudumu, mwingine amepenyeza ahadi ndani ya kukanusha kwake. Watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani na ahadi ambayo haikutamkwa. Kijana aliyefunzwa sarufi vizuri angenyoosha mkono: umesema hayajafika, yanatarajiwa lini?

Hapo tumeshaingia katika kazi za lugha, au dhima kama mtihani unavyoziita. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand katika Bahari ya Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kwamba mazungumzo mengi ya watu hayapeleki habari yoyote. Yanashika undugu tu. Mswahili hahitaji kuambiwa. "Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Sasa mwenzangu, nina shida." Shida inakuja mwisho, na aliyeanza na shida amekosa adabu hata kama kila sentensi yake ni sanifu. Mwanaisimu Roman Jakobson mwaka 1960 akazipanga kazi hizo kuwa sita: kueleza mambo, kutoa hisia za msemaji, kumgusa msikilizaji, kushika mawasiliano, kuzungumzia lugha yenyewe, na ile ya usanii. Orodha hiyo huulizwa mitihanini na vijana huikariri.

Mimi namfuata zaidi mwanaisimu Michael Halliday, aliyesema kazi hizi haziji moja moja kwa zamu. Kila sentensi inafanya kazi tatu kwa mpigo: inaeleza dunia, inashughulika na mtu aliye mbele yako, na inajifunga na yaliyosemwa kabla na yatakayofuata. Mzazi mmoja anamwambia mwalimu mkuu hivi:

"Hilo la ada, mwalimu, ningeomba tulizungumze kesho."

Habari iliyomo ni fupi: leo hakuna mazungumzo ya ada. Lakini tazameni kilichofanyika. "Hilo la ada" limetangulizwa mbele kabisa, na "hilo" linasema jambo hili sote tunalijua, limeshatajwa, sijalikimbia. Hata "neno" au "suala" halikutamkwa, "la" inatosha kulibeba. "Mwalimu" limeingia katikati kama mkono wa heshima begani. "Ningeomba" ina "-nge-" ya masharti, lakini masharti yenyewe hayapo. Tunaachiwa tuyajaze: kama ungeniruhusu, kama isingekuwa usumbufu. Mzazi amerudi hatua moja nyuma kwa silabi moja. Kisha "tulizungumze": "tu-" inamchukua mwalimu upande wake, deni la mtu mmoja limekuwa mazungumzo ya wawili, na "-li-" inashika ncha ya "hilo" la mwanzoni ili sentensi isilegee. Linganisheni na "Nitazungumza kuhusu ada kesho". Habari ni ileile. Mtu ni mwingine.

Ndiyo sababu siwaamini wanaosema sarufi inaweza kusimama peke yake bila maana. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alichapisha sentensi maarufu ya mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanayolala kwa hasira, kuonyesha kwamba sentensi yaweza kuwa sahihi kimuundo na bado ikakosa maana. Alikuwa na hoja yake na ilibadilisha taaluma. Lakini iwekeni kwa Kiswahili: "Mawazo ya kijani yasiyo na rangi yamelala kwa hasira." Hata hapo tunajua mambo mengi. Mawazo ni mengi, si moja. Yamelala na bado hayajaamka. Rangi inakanushwa, usingizi unathibitishwa. Msamiati umegoma, na sarufi imeendelea kufanya kazi yake ya maana.

Nitataja ngeli kidogo, maana hakuna mkutano wa Kiswahili unaoisha bila ngeli. "Mtu" akiitwa "kijitu" au "jitu" amehamishwa ngeli, na kuhamishwa huko ni hukumu. "Kijitu kile kimekuja tena": mtu amenyimwa hata upatanisho wa watu, "kimekuja" kama kigoda. Lakini tazameni jambo la kutia moyo. "Kipofu" na "kiziwi" yamevaa "ki-", na bado hakuna Mswahili anayesema "kipofu kimefika". Tunasema "kipofu amefika", "viziwi wamefika". Nomino ina umbo la vitu, na upatanisho unasisitiza kwamba huyu ni mtu. Siku hizi wapo wanaopendelea "mtu asiyeona", nami nakubali mtu aitwe anavyotaka yeye. Chama cha Viziwi Tanzania kimeendelea kutumia neno "viziwi" katika jina lake, na hiyo nayo ni kauli ya wenyewe. Wa nje asiwasahihishe.

Kabla sijafikia la mwisho, nitazame ngeli ikifanya usanii. "Kikulacho ki nguoni mwako." Adui anayezungumzwa ni nani? Kwa kawaida ni mtu: ndugu, rafiki, mshirika. Lakini methali haikusema "akulaye". Imesema "ki-ku-la-cho", ngeli ya vitu, kwa sababu anayekula hajajulikana bado. Ukishamjua, atastahili "a-". Wakati haukutajwa, kwa hiyo anakula sasa na kila siku. Na "mwako", si "kwako" wala "pako": yumo ndani kabisa, kwenye mikunjo. Badilisheni "mwako" iwe "pako" muone ukali wote unavyopungua.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni la darasani. Tusiache kufundisha viambishi, ngeli na mnyambuliko. Mwanafunzi asiyejua kukata neno hataona nilichowaonyesha leo. Lakini baada ya kukata tumuulize: mwandishi angeweza kusema nini badala yake, na nani angefaidika? Tumpe tangazo la serikali ya mtaa, mkataba wa upangaji, taarifa ya ajali, ujumbe wa kuomba radhi. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Maana yake vijana hawa watasaini hati, watatoa ushahidi na watasomewa hukumu katika lugha wanayoizungumza tangu utotoni. "Mpangaji atalipa", "mpangaji anapaswa kulipa", "mpangaji anaweza kulipa": mahali hapo kosa la kusoma linamtoa mtu nyumbani kwake.

Na ninyi vijana, sitaki mtoke hapa mkiwawinda watu kwa makosa yao. Kumdhihaki mtu wa Nairobi kwa upatanisho wake, au mtu wa Bukavu kwa "ba-" yake, si elimu ya sarufi. Wawindeni wanaoficha mtenda.

Kwenye viti vyenu kuna karatasi zenye vichwa vya habari vitatu nilivyovitunga kwa mfano wa vile tunavyovisoma. Tukae watanowatano. Cha kwanza kinasema "Nyumba za wakazi wa bondeni zabomoka". Kiandikeni upya kwa kila kauli ya kitenzi mnayoijua, kisha mniambie katika kila moja nani ameingia na nani ametoka. Mna robo saa.